Hatua Mbili Nyuma

Wenye vibanda wa jengo lile walimwita Zungusha, na yeye aliitika. Jina lilitokana na ushauri aliompa kila aliyenunua kamera kwake, awe mwenye studio au bibi anayetaka kumpiga picha mjukuu: "Zungusha pete, usirudi nyuma. Watu wasipoenea pichani, zungusha pete ya lenzi, miguu iache ilipo." Alisema hivyo akiweka kamera mfukoni, akarudia akipokea pesa, na mteja alipofika kwenye mlango wa kutokea alitoa kichwa nje ya kibanda akasema mara ya tatu.

"Siku moja utawafuata mpaka kwao," aliambiwa na jirani yake, muuza makava ya simu ambaye kila mtu alimwita Kava. "Ukawalaze na huo wimbo wako."

Zungusha alicheka. Kava alidhani ni mbwembwe za biashara, na Zungusha hakuwahi kumtoa katika dhana hiyo.

Kibanda kilikuwa chini ya ngazi, upana wake mtu mmoja aliyenyoosha mikono. Meza ilitandikwa kitambaa cheupe ili skrubu ikianguka ionekane. Juu yake palikuwa na taa ya shingo ndefu, pampu ya mpira ya kupulizia vumbi, na trei ya kugandishia barafu ambayo kila shimo lake lilibeba skrubu za hatua moja ya kazi, kwa mpangilio zilivyotoka. Chini ya meza palikuwa na droo tatu. Ya juu aliifungua mara mia kwa siku. Ya kati aliifungua kila alipohitaji betri. Ya chini hakuigusa. Kishikio chake kilikuwa usawa wa goti lake la kulia, kwa hiyo alijizoesha kukaa upande, na miaka sita ya kukaa upande ilikuwa imempinda mgongo kiasi kwamba hata akitembea barabarani alionekana kama mtu anayempisha mwingine.

Ndani ya droo hiyo kulikuwa na kamera ya shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa.

Shemeji alikuwa mpiga picha wa kuitwa, leo mahafali, kesho vitambulisho vya kiwanda kizima. Miaka sita iliyopita, siku ya Jumatatu, alileta lenzi yake ikiwa inagoma. Zungusha aliifungua na kuona ugonjwa papo hapo. Ndani ya lenzi za aina ile kuna utepe mwembamba wa umeme unaojikunja kila pete inapozungushwa, na utepe ukichoka hupasuka. Pete ikielekezwa upande wa kuvuta vitu vya mbali, lenzi ilifanya kazi. Ikielekezwa upande wa picha pana, kamera iliandika kosa na kuzima. Utepe mpya ulihitaji kuagizwa, na shemeji alikuwa na kazi wiki ile. Basi Zungusha akafanya alichokuwa ameshawafanyia wateja kadhaa: akabandika kipande cha plastiki ndani ya pete, akatia tone la gundi, ili pete isifike upande wenye kosa. Lenzi ikapona nusu. Ilipiga picha nzuri, ila nyembamba.

"Sasa watu wakiwa wengi nitafanyaje?" shemeji aliuliza.

"Kwani huna miguu? Rudi nyuma hatua mbili."

Wakacheka wote wawili. Shemeji akampiga begani, akaondoka.

Utepe ulifika Alhamisi, ndani ya bahasha ya karatasi. Zungusha aliuweka kando ya taa akisema atampigia shemeji akimalizana na mwenye studio aliyekuwa akimsumbua. Ijumaa akasema kesho. Jumamosi saa nne asubuhi shemeji alikuwa juu ya paa la jengo jipya la ofisi, siku ya kulizindua, akiwapanga wafanyakazi thelathini na mmoja kwa ajili ya picha ya pamoja. Upande mmoja wa paa ukingo ulikuwa bado haujajengwa, pamefungwa kamba. Watu hawakuenea. Akarudi nyuma.

Polisi waliandika kwamba alikosea hatua. Watu walimlaumu mwenye jengo kwa kamba ile, na walikuwa na haki. Wengine walimlaumu meneja aliyekuwa akiharakisha mambo ili wageni wasicheleweshwe. Zungusha aliyajua makosa hayo yote na aliyakariri kwa moyo. Lakini makosa ya wengine hayakuwa yakimwamsha. Kilichomwamsha ni kidole gumba chake mwenyewe, kilichokuwa kikisukuma pete katika usingizi, pete ikienda, ikigota.

Siku ile ya Jumamosi yeye ndiye aliyekwenda kuchukua vitu vya marehemu. Kamera alikwenda nayo moja kwa moja kibandani kabla dada hajaiona, akarudi msibani na kusema imeharibika haifai, na si vizuri ikae nyumbani kumtia mjane majonzi. Dada alisimama mbele ya watu akamshukuru. "Mdogo wangu ndiye aliyenifikiria," alisema.

Tangu hapo akawa mtu wa kukemea wageni. Akimwona mtu bustanini anarudi kinyumenyume na simu usoni, alipaza sauti. Aliwahi kushuka kwenye basi kwa ajili ya mtu asiyemjua.

*

Mpwa wake, binti pekee wa dada, alikuja Ijumaa asubuhi akiwa na barua ya chuo. Jumatatu alikuwa anasafiri kwenda kuanza mwaka wa kwanza wa upigaji picha za habari.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Leta hiyo barua."

Barua ilisema kila mwanafunzi awe na kamera ya DSLR inayoweza kupangwa kwa mkono, mpya au iliyotumika, yenye lenzi ya kubadilishika. Chini yake dada alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wa mwalimu: *Usinunue kwingine. Mjomba wako hatakupunja.*

Kava alichungulia. "Zungusha, huyu ndiye mwanahabari wetu? Mpwa, ukianza kutangaza nitaje. Sema: makava imara, chini ya ngazi."

"Mimi nasomea picha, si kutangaza."

"Basi utanipiga. Ila upande huu. Huu mwingine jino limehama."

Zungusha alikuwa amejiandaa wiki mbili. Alitandaza kamera tatu juu ya kitambaa cheupe. Kazi hii aliipenda, na kwa robo saa alikuwa mtu mwepesi.

"Hii inakuvutia, naona. Kioo kinafunguka kama mlango. Imetoka studio ya harusi. Sura ya msichana, lakini imebofywa mara laki moja na nusu. Pazia lake la ndani, linalofunguka kila unapobofya, linaweza kukatika mwezi ujao au baada ya miaka mitatu, na hakuna fundi wa kukuapia. Hii ya pili, shika tochi. Mulika ndani ya lenzi. Unaona nini?"

"Kama utando wa buibui."

"Ukungu. Ilikaa mahali penye unyevu. Leo haionekani pichani, baada ya masika mawili utapiga kila mtu akiwa kwenye moshi. Hii ya tatu ilikuwa ya daktari, kaenda nayo likizo mara mbili, kisha ikalala kabatini. Mara elfu tisa tu. Ina miaka mingi, video yake ni ya kawaida, na mwenzako mwenye kamera mpya atakucheka. Mwache acheke. Funga tundu la lenzi liwe dogo kabisa, piga karatasi nyeupe, tutafute madoa."

Binti alipiga, akakuza picha kwenye kioo, akaipekua pembe hadi pembe bila haraka. "Doa moja. Hapa juu."

"Hilo vumbi. Nitalipuliza bure."

Alikuwa ameishika kamera kama baba yake: kiganja cha kushoto chini ya lenzi, kiwiko kimebanwa ubavuni. Hakuna aliyemfundisha. Zungusha akatazama taa.

"Naichukua ya daktari," binti alisema. "Lakini hii lenzi yake ya kuvuta niiache. Nataka ile ya milimita hamsini, ile fupi pale kwenye kabati la kioo."

"Kwa nini?"

"Wote waliotangulia chuo wanasema hivyo. Bei yake nafuu, inafaa kwenye mwanga mdogo, uso unatoka vizuri na nyuma panalainika."

Kila alichosema kilikuwa sahihi. Zungusha mwenyewe angemwambia hivyohivyo mteja mwingine yeyote.

"Haina pete ya kuvuta," alisema. "Na katika kamera hizi ndogo inabana. Chumbani huenezi watu watatu."

"Miguu ninayo, Mjomba."

Akachukua lenzi mwenyewe kabla ya kuzuiwa, akaifunga kwa mzunguko mmoja, akageukia nje ya kibanda. "Haya, Kava. Upande wenye jino au usio na jino?"

"Usio na jino! Subiri nivute tumbo."

Binti aliweka jicho kwenye kamera. Kava hakuenea. Akarudi nyuma hatua moja, kisha ya pili.

Zungusha hakukumbuka baadaye aliivukaje meza. Trei ya skrubu ilipinduka. Alimkamata binti kifundo cha mkono kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akamvuta mpaka bega lake likagonga nguzo ya kibanda.

"Mjomba, unaniumiza!"

Nyuma yake kulikuwa na ngazi za kushukia ghala, lakini zilikuwa mbali, hatua sita au saba. Kila mtu aliliona hilo. Kava alibaki na tumbo amelivuta.

"Zungusha," alisema taratibu. "Mwachie mtoto."

Alimwachia. Alama nne za vidole zilikuwa kwenye mkono wa binti, na zilianza kuwa nyekundu wakati wote wawili wakizitazama.

*

Kava alikumbuka ghafla kwamba ana mteja upande wa pili wa jengo. Binti alipiga magoti akaanza kuokota skrubu na kuzitia kwenye trei ovyo ovyo. Skrubu za kamera nne zilikuwa zimechanganyika, kazi ya siku mbili kuzitenganisha.

"Ni kwa sababu ya baba," alisema akiwa chini.

Zungusha aliinama akaokota skrubu moja.

"Mama hapandi ghorofa. Mimi sikai kwenye picha za pamoja. Nawe una hii." Aliweka trei mezani. "Kamera yake iko wapi? Mama anasema uliichukua ikiwa imekufa. Mimi sitaki kuitumia. Nataka kuishika tu kabla sijaondoka."

Hapo ndipo alipokuwa na nafasi. Neno moja, *niliitupa*, na mambo yangekwisha. Binti angesikitika, angechukua lenzi yake ya hamsini na kusafiri. Zungusha alikuwa amelitunza neno hilo tangu msibani. Lakini Jumatatu mtoto huyu angekuwa mji mwingine, jicho moja limefumbwa, jingine kwenye kamera, akirudi nyuma katika mabaraza na madaraja na mapaa asiyoyajua, na kelele za mtu aliye chini ya ngazi hazingemfikia huko. Yeye angebaki na kimya chake, binti akirudi nyuma.

Akavuta droo ya chini. Iligoma, akaivuta kwa mikono miwili, akatoa kamera iliyoviringwa kitambaa.

Alimweleza kwa ufupi, kwa sauti ya kumweleza mteja hitilafu. Utepe ulipasuka. Nilizuia pete kwa plastiki. Nilimwambia arudi nyuma hatua mbili. Hakutaja bahasha wala Alhamisi.

Binti alifungua kitambaa. Kamera ilikuwa imevunjika pembe moja tu. Akaweka kidole gumba kwenye pete, akazungusha. Pete ilikwenda, ikagota. Akarudisha, akazungusha tena. Ilikwenda, ikagota. Zungusha alisikia sauti ile mchana, macho yakiwa wazi, ikitoka kwenye mkono wa mtu mwingine.

"Alikuwa anafanya mazoezi," binti alisema.

"Mazoezi gani?"

"Nyumbani. Wiki ile. Anatukalisha mimi na mama kwenye kochi, anarudi nyuma sebuleni mpaka anagonga kabati la vyombo, vikombe vinalia. Anasema, 'Mjomba wako kanipa dawa.' Mama anagombeza kuhusu vikombe. Mimi nacheka." Aliendelea kuzungusha pete. "Nilikuwa namwambia, tena, baba. Tena. Anarudia. Nilidhani ni mchezo."

Kwa miaka sita Zungusha alikuwa amebeba paa. Sasa alipewa na sebule, kochi, kabati la vyombo, na mtoto wa miaka kumi na mitatu anayepiga makofi.

"Kadi ya picha?" binti aliuliza.

"Iko ndani. Nzima."

"Umeitazama?"

"Mara moja."

Binti akaitoa, akaiingiza kwenye kamera ya daktari, akabonyeza. Picha ya mwisho ilitokea kwenye kioo kidogo. Watu thelathini na mmoja wenye nguo za kazi, safu tatu, anga safi. Mwanamume wa kushoto kabisa alikatwa katikati ya uso. Mwanamke wa kulia kabisa alibaki bega na sikio. Binti alihesabu kwa ncha ya ukucha. Alitazama kama alivyotazama karatasi nyeupe, pembe hadi pembe. Kisha akakuza safu ya mbele, mahali palipokuwa na mwanamke mwenye kilemba cha kijani.

"Wote wanatazama kamera," alisema. "Huyu hatazami kamera."

"Ndiyo."

"Anatazama miguu ya baba."

"Ndiyo," Zungusha alisema. Mwanamke huyo yeye Zungusha alimjua kuliko watu wengi aliokula nao. Aliwahi kumwona kwenye foleni ya duka la dawa, bila kilemba, amenenepa, na Zungusha akatoka dukani bila kuchukua dawa zake. Hakuwahi kumwambia mtu kwa nini.

Binti alizima kamera. Alitoa kadi, akaiweka kwenye mfuko wa shati lake na kufunga kifungo. Hakulia, na Zungusha, aliyekuwa amejiandaa kwa kilio, hakujua afanye nini na mikono yake.

Kisha binti alifungua lenzi ya hamsini, akairudisha kwenye kabati la kioo. Akachukua lenzi ya daktari, ile ya kuvuta, akaifunga. Akazungusha pete kutoka mwanzo hadi mwisho. Akapiga picha ya ukuta. Akazungusha kidogo, akapiga. Kidogo tena, akapiga. Alipofika mwisho alianza upya.

"Nimeshaipima," Zungusha alisema. "Nimeifungua yote kwa mikono yangu."

"Najua."

Akaendelea. Mara ya tatu ilipokwisha, aliiweka kamera kwenye begi. "Ng'ambo ya barabara kuna fundi mwingine?"

"Yupo. Mama mmoja, anaitwa Mama Skrubu. Anavaa miwani mbili kwa pamoja." Zungusha alisita. "Ni fundi mzuri. Mkali kidogo. Mwambie akague utepe, asikague nje tu."

"Nitamwambia."

Kutoka kibandani aliona kipande cha barabara na nusu ya dirisha la Mama Skrubu. Aliona begi la binti likipita, kisha hakuona kitu. Alijaribu kutenganisha skrubu. Za shaba huku, za chuma huku, fupi, ndefu. Akazirudisha zote kwenye trei. Katika miaka ishirini na mbili ya kazi hakuna mteja aliyewahi kupeleka kitu chake kukaguliwa kwa fundi mwingine, na lililomuuma zaidi ni kwamba angekuwa yeye angefanya hivyohivyo.

Baada ya nusu saa binti alirudi. "Amesema nzima. Amesema aliyeisafisha anajua kazi."

"Haya."

"Mama anatoka shuleni saa tisa. Funga kibanda, twende."

"Leo?"

"Mjomba, mimi Jumatatu naondoka. Hili siwezi kusafiri nalo kwenye begi. Nikimwambia mimi, litakuwa langu. Ni lako."

*

Dada alikuwa kwenye meza ya kulia chakula, mbele yake madaftari ya darasa la tano yamepangwa kama matofali, kalamu nyekundu mkononi. Alikuwa amefundisha hesabu kwa miaka ishirini na sita. Aliwatazama wakiingia, binti mbele, mdogo wake nyuma.

"Kulikoni mmekuja pamoja? Kamera zimeisha mjini?"

"Mjomba ana maneno," binti alisema, akaenda kusimama karibu na dirisha.

"Na huo mkono?"

"Atakwambia."

Zungusha alikuwa ameingia sebule hii mara nyingi tangu msiba, kila mara akikaa kiti cha karibu na mlango. Leo hakukaa. Kabati la vyombo lilikuwa mahali pake, ukutani, mkabala na kochi. Aliona kwa mara ya kwanza kwamba mlango mmoja wa kabati ulikuwa umebonyea, usawa wa mgongo wa mtu mzima.

Alieleza. Utepe, plastiki, hatua mbili. Safari hii sauti ya fundi haikutoka. Ilitoka nyingine, nyembamba. Dada hakumkatiza. Alivua miwani, akaiweka juu ya daftari.

Alipomaliza, nyumba ya jirani mtu alikuwa akifagia.

"Ule utepe mpya," dada alisema. "Uliagiza?"

"Niliagiza."

"Ukafika lini?"

"Baadaye."

"Baadaye ndiyo lini? Usinijibu kama mtoto aliyeacha daftari nyumbani."

Zungusha alitazama chini. "Alhamisi."

"Alhamisi ipi?"

"Ileile. Kabla ya Jumamosi."

Binti aligeuka kutoka dirishani. "Hilo hukuniambia."

"Sikukwambia."

"Ulikuwa nao mezani," dada alisema. Hakuwa akiuliza. "Siku mbili. Na simu unayo."

"Nilikuwa na kazi ya mwenye studio. Nilisema kesho."

Binti alikaa mwisho wa kochi, karibu na meza, taratibu, kama mtu anayekaa juu ya kitu asichokiamini. Dada alinyoosha mkono bila kumtazama, akauweka juu ya goti lake.

"Anza tena," alimwambia mdogo wake. "Tangu Jumatatu alipoleta lenzi. Na safari hii usiruke."

Akaanza tena. Alisema kila kitu kilivyokuja: walivyocheka, alivyopigwa begani, bahasha ilivyokuwa imekaa kando ya taa na jinsi Ijumaa jioni alivyoisogeza ili aweke kikombe. Alisema alivyopata habari, alivyokimbia, na kwamba kitu cha kwanza alichokitafuta pale chini ya jengo, kabla hata ya kuuliza shemeji amepelekwa wapi, kilikuwa kamera.

"Ngoja," dada alisema. "Hapo. Uliniambia umeichukua ili isinitie majonzi."

"Ndiyo."

"Uliichukua kwa ajili yangu?"

Alijua kulikuwa na jibu la katikati. Alikuwa amelitumia juu ya nafsi yake kwa miaka sita, kwamba ilikuwa kwa ajili ya wote wawili.

"Kwa ajili yangu," alisema. "Nisionekane."

"Nilisimama mbele ya watu nikakushukuru."

"Nakumbuka."

"Mama mkwe wangu, ambaye naye sasa ni marehemu, alikuombea. Alikushika kichwa."

"Nakumbuka, dada."

Dada alichukua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa. Zungusha alisubiri afukuzwe. Angependelea kufukuzwa, mtu aliyefukuzwa anajua miguu yake ielekee wapi. Dada alivuta daftari la juu, akalifungua, akaliangalia kwa muda mrefu bila kutia alama yoyote.

"Kamera umepata?" alimuuliza binti yake.

"Nimepata."

"Nani kaichagua?"

"Mjomba."

Kalamu nyekundu ilisimama juu ya karatasi.

"Halafu nikaipeleka kwa fundi mwingine akaikagua."

"Umefanya vizuri," dada alisema, akaweka alama ya vema kwenye jibu la kwanza, kisha akahamia la pili. Zungusha alibaki amesimama katikati ya sebule. Hakuna aliyemwambia akae, na hakuna aliyemwambia aende.